Anayekaa Msimu si Msafiri: Kupanga Majira ya Baridi Sarajevo



Wahenga walisema msafiri kafiri. Hawakukusudia kumtoa mtu katika dini. Walieleza hali ya njiani tu, kwamba safari humvunjia mtu taratibu zake. Hula asichokizoea, hulala pasipo pake, na ibada yake hupungukiwa na utulivu. Msemo huu hupendwa na wanaokwenda ng'ambo kwa kuwa huwapa udhuru. Lakini udhuru huo una mpaka wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu pwani ndiyo tuyafuatayo, aliyetia nia ya kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hahesabiwi tena kuwa msafiri. Huswali rakaa zake nne kwa ukamilifu, na kila swala kwa wakati wake, kama aliye Mombasa, Malindi au Lamu.

Kwa hivyo familia inayokusudia kukaa msimu mzima wa baridi katika mji wa theluji haiendi kutembea, inahama kwa muda. Mtalii huuliza mlima uko wapi na hoteli ikoje. Anayehama huuliza nyumba inapashwa joto kwa njia gani, hewa ya mahali ni safi au chafu, msikiti uko umbali gani, na jirani ni nani. Mji ninaouzungumzia hapa ni Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, ambako nilikaa msimu mmoja pamoja na mume wangu aliyekuwa na kazi huko na watoto wetu wawili. Mdogo wao ana pumu, na kila uamuzi wetu, kuanzia nyumba hadi siku ya kutoka nje, ulipimwa kwa kifua chake.

Mji ulio ndani ya bakuli

Sarajevo umelala katika bonde jembamba la mto Miljacka, umezungukwa na milima kila upande, mfano wa kitu kilichotiwa ndani ya bakuli. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mlima Trebević umeinama juu yake kama ukuta. Bjelašnica, wenye kimo cha mita 2,067, uko upande wa kusini-magharibi; Jahorina, wenye mita 1,916, uko upande wa kusini-mashariki. Yote miwili ni mwendo wa kiasi cha kilomita 30 kwa gari. Ndiyo sababu mtu anaweza kuamka mjini, akateleza thelujini mchana, na akarudi nyumbani kabla ya Isha.

Milima hii ilijulikana duniani mwaka 1984, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika hapo kuanzia tarehe 8 hadi 19 Februari. Wanaume walishindana kuteremka kwa skii Bjelašnica, na wanawake Jahorina. Katika michezo hiyo hiyo Lamine Guèye wa Senegal alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya baridi. Anayedhani theluji si jambo la mtu wa kwetu na akumbuke pia Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, ambaye mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika michezo kama hiyo huko Korea Kusini.

Lakini miji ya theluji ni mingi, na familia ya Kiislamu ina sababu nyingine ya kuutazama huu. Msikiti wa Gazi Husrev-beg umesimama katikati ya mji mkongwe tangu mwaka 1531. Adhana husikika mitaani. Nyama halali haitafutwi kwa tochi. Mkate, supu na nyama ya kuchoma vipo katika mikahawa ya waumini wenyewe. Hii si kusema kila mlango ni wa halali. Pombe huuzwa mjini, na Jahorina, iliyo katika sehemu ya nchi yenye Waserbia wengi, nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida. Kuuliza ni wajibu pale pale mtu anapodhani hapana haja ya kuuliza.

Saa inayosema saa kumi na mbili

Kando ya msikiti huo pana mnara wa saa ambao mtu wa pwani ataufahamu upesi kuliko mtalii wa Ulaya. Mitambo yake ya sasa ililetwa kutoka London katika karne ya 19, lakini mishale yake haifuati saa za London. Hufuata jua: linapotua, saa ile huonyesha kumi na mbili kamili. Watalii husimama wakainua simu zao na kulinganisha, wakidhani saa imeharibika. Sisi tuliofundishwa utotoni kwamba Magharibi ni saa kumi na mbili hatuhitaji mfasiri. Tofauti ni kwamba kwetu, karibu na ikweta, jua halibadiliki sana mwaka mzima, ilhali huko mtunzaji wa mnara hulazimika kuirekebisha mishale kila mara, kwa kuwa machweo hayatulii mahali pamoja.

Hapo ndipo mpango wa siku unapoanza. Mwishoni mwa Desemba jua la Sarajevo huchomoza kiasi cha saa moja na robo asubuhi, na hutua kiasi cha saa kumi na dakika kumi za alasiri. Mchana wote ni saa tisa. Adhuhuri huingia kabla ya saa sita, Alasiri hufuata karibu na saa nane, na Magharibi ndiyo hiyo saa kumi. Swala tatu ndani ya muda wa saa nne na nusu! Mama aliyezoea kupika, kulaza mtoto na kupumzika baina ya Adhuhuri na Alasiri hujikuta muda umempita akiwa bado anavua buti.

Kwa anayekwenda mlimani jambo hili lina uzito zaidi. Lifti za kupandisha watu hufungwa kiasi cha saa kumi jioni, maana yake ni kwamba Adhuhuri na Alasiri zote mbili humkuta mtu huko juu, na Magharibi humkuta njiani. Kwa kuwa yeye ni mkaazi, hana ruhusa ya kupunguza. Sisi tulijiwekea desturi ya kuteremka mapema, saa saba na nusu, tukaswali Adhuhuri mwisho wa wakati wake na Alasiri mwanzo wa wakati wake, mahali pamoja na kwa udhu mmoja. Tulipoteza saa mbili za theluji kila siku, na hatukujuta.

Kuhusu udhu wenyewe, sheria imetupa wepesi. Mkaazi aliyevaa khofu baada ya kukamilisha udhu anaruhusiwa kupangusa juu yake kwa muda wa usiku na mchana mmoja, badala ya kuosha miguu kila mara. Masharti yake ni kwamba ifunike mguu hadi juu ya vifundo, iwe tohara, na iwe madhubuti ya kutembelea. Wanavyuoni wametofautiana juu ya soksi za kawaida, basi kila familia na imuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, wala isingoje kuuliza ikiwa imesimama mbele ya bomba la maji ya barafu. Ama kutayamamu kwa sababu ya baridi, hiyo ni ya mwenye kuhofia madhara na asiye na njia ya kupasha maji moto. Katika nyumba yenye umeme, udhuru huo ni mgumu kuupata.

Moshi wa bondeni

Sasa nifike kwenye jambo linalofichwa na picha nzuri za theluji. Bonde la Sarajevo, wakati wa baridi, hujaa moshi. Sababu yake ni rahisi kueleza. Kwa kawaida hewa ya moto hupanda na kuchukua uchafu juu. Majira ya baridi, hewa baridi nzito hutua chini ya bonde, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa kuni, wa makaa ya mawe na wa magari hukosa pa kutokea. Siku zikiwa tulivu, bila upepo wala mvua, hukusanyika siku baada ya siku, hata minara ya misikiti ng'ambo ya mto ikapotea machoni. Zipo siku ambazo Sarajevo huhesabiwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kabisa duniani.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba chembe ndogo kabisa za moshi, zile zinazopenya ndani ya mapafu, zisizidi wastani wa maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku. Vipimo vya mji hutangazwa hadharani, na katika siku mbaya za Desemba na Januari kiwango hicho huvukwa mara nyingi. Mtu mzima mwenye afya huwashwa koo. Mtoto wa pumu hulala ameketi.

Familia ilimotubidi kuchagua basi ni hii: bondeni kuna adhana, jamaa, duka la mkate na majirani, mlimani kuna hewa safi na jua, kwa kuwa kifuniko kile cha hewa huishia chini ya vilele. Mara nyingi mji umezama katika ukungu wa kijivu na huko juu mbingu ni samawati tupu. Anayemchukua mtoto mjini kwa ajili ya msikiti humchosha kifua, na anayempeleka mlimani kwa ajili ya kifua humkosesha jamaa. Hatukutaka kuacha hata kimoja.

Jibu tulilolipata ni kuugawa msimu sehemu mbili, na ndilo ninalomshauri kila mwenye mtoto wa namna hiyo. Sehemu ya kwanza, tangu katikati ya Desemba hadi mwanzo wa Februari, ambapo moshi ni mzito na theluji ni nyingi, panga nyumba chini ya mlima Bjelašnica. Usiogope kimo chake: nyumba za hapo ziko kiasi cha mita 1,270 tu, chini kuliko Nairobi. Sehemu ya pili teremka mjini, siku zinaporefuka na hewa kuanza kufunguka. Mwaka 2027 mgawanyo huu unaafikiana vizuri na kalenda yetu, kwani Ramadhani inatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Mtu atamaliza theluji yake, kisha afunge mjini pamoja na waumini.

Katika nyumba yetu ya mlimani hatukuwa tukisikia adhana. Mume wangu aliadhini sebuleni, na watoto wakasimama safu nyuma yake. Ijumaa aliteremka mjini kuswali, na jioni alirudi na mkate, nyama na habari. Kwa majuma saba mtoto hakuamka usiku hata mara moja kutafuta pumzi. Nilijifunza kuzihesabu siku hizo kama mtu anavyohesabu akiba.

Nyumba, nguo na chetezo

Katika kupanga nyumba, swali la kwanza ni joto. Uliza kama linatoka kwa mabomba ya maji moto ukutani, kwa umeme au kwa jiko la kuni, na kama gharama yake imo ndani ya kodi au ni mbali. Uliza madirisha yana vioo tabaka mbili. Kisha fahamu hili, ewe mama wa Kiswahili: chetezo kitakaa kabatini. Nyumba ya huko hufungwa madirisha siku nzima, na makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, yenye kuua watu usingizini. Hali kadhalika jiko la makaa lisiingizwe ndani kwa nia ya kupasha chumba joto, hata kwa saa moja. Ukitaka harufu nzuri, chemsha karafuu na mdalasini katika sufuria. Kwa mtoto wa pumu hata udi wenyewe ni moshi kama moshi mwingine.

Nguo zivaliwe tabaka tatu. Ya ndani iwe nyembamba, ya sufi au ya kitambaa kinachokausha jasho, si pamba, kwa maana pamba hushika unyevu na kumgandisha mtu. Ya kati iwe ya kutunza joto, na ya nje ya kuzuia maji na upepo. Hapana haja ya kununua vyote kwa bei ya Ulaya: anayejua kuchagua mitumba ya Kongowea huweza kukuta makoti mazito ambayo hapa hayana mwenyewe. Buti za theluji, hata hivyo, zinunuliwe huko huko kwa kipimo cha mguu ukiwa na soksi nene.

Dada zetu huuliza kuhusu stara. Mavazi ya skii ni mapana, mazito na yanafunika tangu shingo hadi kifundo. Huenda ni mchezo pekee ambao kila mwanamke uwanjani amejisitiri kwa kulazimishwa na baridi. Mtandio mwembamba uliobana huvaliwa chini ya helmeti, na kifunika shingo juu yake. Buibui refu lafaa mjini siku kavu, lakini katika theluji pindo lake hufagia na kulowa hadi magotini. Bora koti refu linaloishia juu ya buti. Na usishangae mafuta yako ya nazi yakigeuka jiwe ndani ya chupa, kwani huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24.

Kwa mtoto mwenye pumu, dawa zichukuliwe za kutosha msimu mzima pamoja na barua ya daktari, na pampu yake isikae kwenye mfuko wa nje wa koti ikapoa. Hewa baridi kavu nayo huweza kubana kifua, basi pua na mdomo vifunikwe kwa skafu anapokimbia. Muulize daktari pia kuhusu vitamini D, maana jua la Desemba huko ni la kutazamwa kuliko la kuotwa.

Ama mchezo wenyewe, vifaa hukodishwa, na mwalimu wa siku chache za mwanzo si anasa. Watoto huanguka, hucheka na kuinuka. Watu wazima huanguka na kufikiri. Asiyetaka skii ana kigari cha kuserereka, ambacho ni rahisi na hufurahisha vile vile. Sharti moja halina mzaha: msitoke nje ya njia zilizowekewa alama. Mistari ya vita ilipita katika milima hii, na bado kuna sehemu zenye mabomu yaliyotegwa ardhini. Bango jekundu lenye fuvu la kichwa si pambo.

Jirani na beleshi

Tulipoteremka mjini tulipanga ghorofa ya chini katika mtaa wa mlimani, nyumba zake zikipandana kama ngazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nasi siku ya tatu tulipewa beleshi. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na kila nyumba husafisha mbele ya mlango wake, ili mpita njia asiteleze akavunjika. Mume wangu alipotoka kusafisha mbele yetu, akaendelea hadi mbele ya mlango wa bibi jirani anayekaa peke yake. Adhuhuri mlango wetu ukabishwa. Bibi amesimama na sahani ya pita ya jibini, ya moto.

Kutoka siku hiyo tulimwita Nana, kama wajukuu wake wanavyomwita, neno ambalo hata Waswahili wa kale hawakulikosa. Yeye alituita musafiri. Kwa Kibosnia musafir ni mgeni wa nyumbani, aliyekaribishwa; kwetu msafiri ni aliye njiani. Neno ni moja, na limegawanyika kama msimu wenyewe ulivyogawanyika. Maneno ya namna hii ni mengi: sahat ni saa, sabah ni asubuhi, kahva ni kahawa, dova ni dua, na mevlud ni maulidi. Wanawake nao wana vikao vyao vya dhikri na dua vinavyoongozwa na mwanamke aliyesoma, waitwaye bula. Aliyezoea darsa za kina mama Mombasa hajihisi mgeni humo, ijapokuwa lugha humpita.

Kahawa huletwa katika kidude cha shaba chenye mkono mrefu, pamoja na kipande cha lokumu, na hunywewa polepole kama kahawa ya barazani, si ya kumeza na kuondoka. Katika kikao kimoja kama hicho nilitaja moshi. Nilimwambia Nana kwamba mtoto hushindwa kupumua, na kwamba huko Mombasa hatujui kufunga dirisha. Hakujibu mara moja. Aliinuka, akatia kuni moja katika jiko lake, kisha akaeleza.

Mji huu ulizingirwa na majeshi tangu Aprili 1992 hadi tarehe 29 Februari 1996. Watu zaidi ya elfu kumi na moja waliuawa, watoto wakiwa miongoni mwao. Hapakuwa na umeme, gesi wala maji ya bomba kwa muda mrefu. Watu walikata miti ya bustani, wakachoma meza, viti, viatu na vitabu ili wasigande. Nana alisema yeye alichoma kabati la mahari yake, kisha kitanda. Kuni iliyopangwa ukutani, tangu hapo, kwake ni usalama. Gesi hufungwa na mtu wa mbali, umeme hukatwa, lakini kuni unaiona kwa macho. Nayo ni rahisi kwa mwenye pensheni ndogo.

Sikuwa na la kuongeza. Moshi bado ni moshi, na kifua cha mtoto hakisomi historia. Lakini nilifahamu kwamba hewa ya bonde lile haitasafishwa kwa lawama ya mgeni. Siku moshi ulipozidi tulimchukua mtoto tukapanda Trebević kwa gari la waya, lile lililoharibiwa vitani na kufunguliwa upya Aprili 2018. Kwa dakika chache tu linakutoa ukunguni na kukufikisha juani. Nana alikuwa akimfungia mkate wa kula huko juu.

Kisha Ramadhani iliingia. Mzinga ulilia kutoka ngome ya Žuta Tabija, taa za minara zikawaka zote pamoja, na foleni zikasimama mbele ya tanuri za mkate uitwao somun, ulionyunyiziwa mbegu nyeusi. Nilipouweka puani nilijua: habasoda. Februari saumu huko huanza na kiasi cha saa 12, na mwishoni mwa mwezi hufika 13 hivi, karibu sawa na ya kwetu, bila ya kiu ya joto. Tarawehe wanawake hujaa katika roshani yao msikitini. Waimamu ni wa madhehebu ya Hanafi, basi baadhi ya vitendo vya swala huenda vikatofautiana na ulivyozoea. Hilo lielezwe kwa watoto mapema, lisiwe gumzo safuni.

Kabla ya kukata tikiti

Mambo ya karatasi ni haya. Mwenye paspoti ya Kenya huhitaji viza, na iombwe miezi kadhaa kabla. Ukaaji wa muda mfupi hauzidi siku 90 katika kila siku 180, nazo zatosha tangu katikati ya Desemba hadi baada ya Idi ya 2027, inayotarajiwa karibu na tarehe 10 Machi. Mgeni husajiliwa anwani yake kwa wenye mamlaka mara anapofika. Hoteli hulifanya jambo hilo yenyewe, lakini katika nyumba ya kupanga hakikisha mwenye nyumba analifanya. Fedha yao ni marka, iliyofungamanishwa na yuro, ambapo yuro moja ni karibu marka mbili. Safari nyingi kutoka kwetu hupitia Istanbul. Uwanja wa ndege wa Sarajevo hufungwa mara kwa mara kwa ukungu, basi usipange jambo la lazima siku ile ile ya kufika. Watoto wa shule watakosa sehemu ya muhula wa kwanza, na hilo lapaswa kuzungumzwa na walimu kabla, si baada.

Haya yote hupangika. Lisilopangika kwa pesa ni yale maswali matatu ambayo mkaazi hujiuliza na mtalii huyaruka: Tutaswali wapi na wakati gani? Aliye dhaifu zaidi kati yetu atapumua vipi? Na jirani atatujua kwa lipi? Familia ikiyajibu hayo mezani kwake hapa Mombasa, theluji haitakuwa na la kuishinda. Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu nyumbani na ugenini, na awape shifaa watoto wetu wote wenye kukosa pumzi. Amin.